Polisi wa Muvi na Polisi wa Doria: Kipande Kinachokatwa

Mwaka 1985 Hong Kong walitoa Police Story. Dakika za mwanzo tu, magari yanashuka mlimani yakibomoa vibanda vya maskini, halafu askari ndiye shujaa! Muvi za aina hii zilijaza mabanda ya video Bongo. Kijana wa Nakwa, pale Babati mjini, naye akakua akijua polisi ni mbio, teke na bastola.

Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Humo hakuna teke. Kuna kwamba anayekukamata akwambie kosa lako, na mahojiano yana saa nne za msingi. Kuongeza kuna utaratibu wake.

Doria halisi iko karibu na karatasi kuliko bastola. Kutembea usiku, kuamua ugomvi wa majirani, kurudi kituoni kuandika. Kaibiwa simu? RB. Kapigwa? PF3 akatibiwe.

Wamarekani waliwahi kuisogelea hali hii. Tamthilia ya Adam-12, kuanzia 1968, ilifuata askari wawili wa doria Los Angeles na vijikesi vya kila siku. Ila kinachouza ni risasi.

Burudani sio tatizo. Tatizo ni kijana akila makofi mahojianoni na kuona poa tu, si ndivyo wanavyofanya kwenye muvi? Wakati kisheria, maelezo ya kukiri kwa vitisho hayahesabiki kuwa ya hiari. Muvi imekikata kipande hicho, na ndicho chenye haki yake.