Ridhaa: Kulea si Kuasili

Katika sheria ya mtoto kuna maneno mawili ambayo wengi huyachanganya: kulea na kuasili. Kulea kunajulikana kila nyumba. Mtoto wa dada anahamia kwa mjomba mjini, anasomeshwa, likizo anarudi kwa mama yake. Nasaba yake iko palepale. Kuasili ni amri ya mahakama. Kwa kawaida mzazi aliyemzaa mtoto hupoteza haki zake za uzazi, naye mtoto huhesabiwa kuwa wa familia mpya.

Hapo ndipo linapoingia neno la tatu: ridhaa. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 kuhusu kuasili watoto nje ya nchi unataka mzazi aelezwe kwanza iwapo uhusiano wake wa kisheria na mtoto utakatika. Akubali kwa hiari na kwa maandishi, bila kulipwa. Na ridhaa ya mama isipokewe kabla hajajifungua. Hiyo si idhini. Idhini hutoka kwa mwenye mamlaka, kama hakimu. Ridhaa hutoka kwa mzazi aliyeelewa. Dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma halithibitishi ridhaa.

Agosti 2020, Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili na mshirika wake. Kwa maelezo yake, wazazi vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao watasomeshwa, kisha watoto hao wakatafutiwa familia za Kimarekani. Wazazi waliridhia kulea, wakaletewa kuasili.

Serikali za Afrika Mashariki zimeweka vizuizi. Kenya ilisitisha kuasili kwa wageni Novemba 2014. Uganda, kwa marekebisho ya 2016, inamtaka mgeni akae nchini mwaka mmoja akimlea mtoto chini ya uangalizi. Tanzania inataka awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, na iwe imethibitika kwamba mtoto hawezi kupata malezi yanayofaa nchini humo.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuasili mtoto wa nchi nyingine, kabla ya kutoa senti uliza: nani alimweleza mzazi, kwa lugha gani, na je, anajua kwamba mtoto huenda asirudi? Usipopata majibu, usilipe; nenda kwa afisa ustawi wa jamii.