Sherehe ya Nchi Isiyokuwapo

Wanafunzi wengi hulijua neno sherehe kwa maana ya karamu, ngoma na shangwe. Lakini neno hili lina maana ya pili, nayo ni ya wanavyuoni. Ukifungua diwani ya mashairi ya kale, aghalabu utakuta kurasa kadha zilizopewa jina la sherehe. Humo maneno magumu hufafanuliwa, majina ya watu hutajwa, na mambo yaliyomfanya mshairi ashike kalamu huelezwa. Hapana anayeliona jambo hilo kuwa la ajabu. Muyaka bin Haji alikuwa mtu kweli, aliishi Mombasa, na mambo mengi aliyoyatungia mashairi yalitukia machoni pa watu wa mji ule. Ni haki mambo yaliyotukia yafafanuliwe kwa wale wasioyashuhudia.

Ajabu ni hii: katika karne ya 20 walitokea watu wazima, wenye elimu na akili timamu, waliotunga sherehe za nchi ambazo hazikupata kuwapo. Walichora ramani za milima isiyopandwa na mtu. Waliandika nasaba za wafalme wasiozaliwa, na kamusi za lugha zisizokuwa na taifa. Vitabu hivyo hufuatana na riwaya ndefu za kubuni ambamo mna falme, vita, uchawi na safari za hatari. Je, kazi ya namna hiyo ina faida gani? Nilipokuwa kijana nililijibu swali hili vibaya, nami nitalikiri kosa langu kabla ya kumaliza. Lakini kwanza yatupasa tuitazame historia yenyewe.

Mtu tunayepaswa kuanza naye ni John Ronald Reuel Tolkien. Alizaliwa tarehe 3 Januari, 1892, mjini Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika ya Kusini, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa benki. Mwaka 1895 mama yake alimchukua yeye na mdogo wake kwenda Uingereza, na mwaka uliofuata baba alifariki huku nyuma kabla hajawafuata. Mama naye alifariki mwaka 1904. Hivyo, akiwa na umri wa miaka 12, Tolkien alikuwa yatima, akilelewa chini ya ulinzi wa padre mmoja aliyekuwa rafiki wa mama yake. Faraja yake kubwa ilikuwa lugha. Alijifunza Kilatini na Kiyunani, akatafuta Kigothi na Kiingereza cha kale, akavutwa na Kifini na Kiwelishi. Na zilipokuwa hazimtoshi, akaanza kubuni lugha zake mwenyewe.

Mwaka 1916 alipelekwa Ufaransa kupigana katika vita vya Somme. Alikuwa na marafiki watatu aliosoma nao tangu shuleni, ambao walikuwa wameahidiana kufanya jambo kubwa katika sanaa. Wawili kati yao walikufa mwaka huo huo. Yeye alishikwa na homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza mwezi wa Novemba. Akiwa katika kupata nafuu, alianza kuandika katika madaftari ya shule hadithi za kale za ulimwengu wake wa kubuni. Moja ya hadithi hizo za kwanza ilihusu kuanguka kwa mji uliofichwa, uitwao Gondolin. Naomba msomaji aukumbuke mji huo, maana tutarudi kwake.

Baada ya vita Tolkien alifanya kazi kwa muda katika Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, akichunguza asili ya maneno yaanzayo kwa herufi W. Kisha alifundisha Leeds, na tangu mwaka 1925 mpaka alipostaafu mwaka 1959 alikuwa profesa huko Oxford. Tazama basi: mtu aliyekuja kutunga hekaya kuu alikuwa kwanza mwalimu wa lugha na mtumishi wa kamusi. Mwenyewe alieleza kwamba lugha zake zilitangulia, na hadithi zikafuata ili lugha hizo zipate watu wa kuzisema.

Kitabu chake cha kwanza cha hekaya, The Hobbit, kilitoka mwezi wa Septemba, 1937. Mchapishaji, Stanley Unwin, hakuutegemea ushauri wake mwenyewe katika kuupima mswada. Alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, ausome na kuandika maoni yake, kwa ujira wa shilingi moja. Mtoto aliusifu, na kitabu kikapigwa chapa. Nyumbani kwa Tolkien pia palikuwa na mtoto mkaguzi. Mwanawe wa tatu, Christopher, aliyezaliwa mwaka 1924, hakuvumilia kigeugeu katika hadithi. Ikiwa juzi mlango ulikuwa wa rangi ya buluu na leo ni wa kijani, mtoto alimkatiza baba yake na kumwuliza. Kitabu kilipokwisha kuchapwa, baba alimlipa peni mbili kwa kila kosa atakalolivumbua. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mchezo huo ungekuwa kazi ya maisha ya kijana yule.

Mwezi wa Desemba, 1937, Tolkien alianza kuandika mwendelezo wa The Hobbit. Alidhani ni kazi ya muda mfupi. Ikamchukua takriban miaka 12. Kitabu kilikua kikawa The Lord of the Rings, na kwa sababu ya gharama za uchapishaji kikagawanywa sehemu tatu zilizotoka kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955. Sehemu ya tatu ilichelewa, na sababu yake yatuhusu sana: mwandishi alikuwa akitengeneza nyongeza za mwisho wa kitabu. Nyongeza hizo zina tarehe za miaka maelfu, nasaba, kalenda, namna za maandishi na maelezo ya lugha. Faharasa ya majina iliyokuwa imeahidiwa haikuwa tayari. Ramani ilichorwa na Christopher. Sherehe ya nchi ile, kwa hiyo, haikuanzishwa na watu wa nje. Mbegu yake ilipandwa na mtunzi mwenyewe, ndani ya riwaya yenyewe.

Katika miaka ya 1960 vitabu hivyo vilitolewa Marekani kwa majalada ya karatasi na kwa bei nafuu, vikasomwa na vijana wengi mno. Wasomaji hao walikuwa na maswali. Robert Foster, Mmarekani, alikusanya majina ya watu, mahali na vitu, akayapanga kwa mfuatano wa alfabeti na kuyaeleza. Kitabu chake kikatoka mwaka 1971, na mwaka 1978 akakitoa tena kikiwa kimeongezwa. Mwaka 1981 Karen Wynn Fonstad, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani, alitoa kitabu kizima cha ramani za nchi hiyo. Alizifuata safari za wahusika siku kwa siku, akapima masafa waliyokwenda, akachora miinuko na mito kana kwamba ameikanyaga ardhi ile kwa miguu yake.

Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba, 1973. Hekaya zake za kale, alizozianza tangu vita vya kwanza, zilikuwa bado hazijachapwa. Karatasi zake zilikuwa nyingi na zimevurugika: nyingine ziliandikwa kwa penseli na kufutwa nusu, nyingine zilikuwa na hadithi moja iliyoandikwa mara tatu au nne, kila mara kwa namna tofauti. Christopher, ambaye alikuwa mwalimu huko Oxford kama baba yake, aliiacha kazi hiyo mwaka 1975 ili azishughulikie karatasi. Kwa msaada wa kijana wa Kanada, Guy Gavriel Kay, alizisuka hadithi hizo zikawa kitabu kimoja, The Silmarillion, kilichotoka mwaka 1977.

Hapo pakazuka hoja nzito. Ikiwa baba ameacha maelezo manne yanayopingana, mwana ana haki gani ya kuchagua moja na kuyaficha matatu? Je, kilichochapwa ni neno la marehemu, au ni neno la mrithi? Christopher hakulikwepa swali hilo. Kati ya mwaka 1983 na 1996 alitoa vitabu 12 vya historia ya utunzi wa baba yake, ambamo aliziweka karatasi zenyewe mbele ya wasomaji pamoja na maelezo ya jinsi zilivyofuatana. Katika utangulizi wa kitabu cha kwanza alikiri kwamba kuitoa The Silmarillion peke yake, bila maelezo ya asili yake, lilikuwa kosa. Si kila mwanachuoni huwa na moyo wa kusema hivyo juu ya kazi yake mwenyewe.

Vitabu hivyo vilifunua mambo ambayo hapana aliyeyadhani. Shujaa mdogo ajulikanaye duniani kote kwa jina la Frodo hapo awali aliitwa Bingo. Aragorn, mfalme aliyejificha, alikuwa kwanza mmoja wa watu wafupi, akivaa viatu vya mbao, na jina lake likiwa Trotter. Tolkien alipokutana naye katika kuandika hakujua bado ni nani. Hata The Hobbit ilibadilishwa: katika chapa ya 1937 yule kiumbe Gollum alikuwa tayari kuitoa pete iwe zawadi ya mchezo wa vitendawili, lakini pete ilipopata maana kubwa zaidi katika riwaya ya pili, ilibidi sura ile iandikwe upya katika chapa ya mwaka 1951. Na kwa werevu, mtunzi akaeleza kuwa masimulizi ya kwanza yalikuwa uongo wa mhusika wake. Kosa la mwandishi likageuka kuwa sehemu ya hadithi.

Faida ya kumbukumbu za namna hii ilionekana pia kwa mwandishi mwingine, Mmarekani Robert Jordan, aliyeanza kutoa riwaya zake za The Wheel of Time mwaka 1990. Alifariki mwaka 2007 kabla hajamaliza. Alikuwa ameacha maandishi mengi ya pembeni juu ya watu, desturi na mwisho wa hadithi. Kwa kuyatumia hayo, Brandon Sanderson aliikamilisha kazi, na kitabu cha 14 kikatoka mwaka 2013. Miaka miwili baadaye, mjane wa Jordan, Harriet McDougal, pamoja na wasaidizi wake, alitoa kitabu kikubwa cha sherehe kilichotokana na maandishi yale yale. Lau Jordan hangaliandika ila hadithi peke yake, wasomaji wake wangaliachwa njiani.

Sasa nilikiri kosa langu. Nilipokuwa nikisomea ualimu chuoni, nilikuta katika maktaba kitabu kinene cha sherehe ya nchi ya Tolkien. Riwaya yenyewe ilikuwa imeazimwa. Nikakisoma kwa juma zima, herufi kwa herufi, nikajiona mjuzi. Riwaya iliporudi nikaifungua kwa hamu, lakini haikunitia hofu wala huzuni, maana nilijua tayari nani atakufa na nani atarudi. Nilimlalamikia mzee mtunza maktaba kwamba kitabu kimeniharibia hadithi. Akanitazama, akasema, “Mwanangu, kitabu hakikukuharibia kitu. Wewe ndiwe uliyeingia kwa mlango wa nyuma.” Sikumwelewa. Kwa miaka kadha baada ya hapo niliwakataza wanafunzi wangu kugusa vitabu vya sherehe.

Kilichonibadili ni mwanafunzi mmoja. Nilimrudishia insha iliyojaa wino mwekundu. Akaikunja, akaitupa, na akatamka kwamba waandishi huzaliwa, hawafunzwi. Sikuwa na jibu siku ile. Jioni nilikumbuka kwamba wakati fulani Frodo alikuwa Bingo. Kesho yake nilimpelekea kitabu kile kile nilichokuwa nikikikataza, nikamwonyesha jinsi profesa wa Oxford alivyokata, alivyofuta na kuanza upya kwa miaka 12. Alikisoma kimya. Kisha akaomba insha yake, nami nilikuwa nimeiokota.

Tangu hapo maoni yangu ni haya. Riwaya isomwe kwanza, kwa kuwa ndiyo safari. Sherehe isomwe baadaye, kwa kuwa humfaa aliyekwisha kufika. Anayeanza na sherehe hujinyima furaha, na anayeidharau kabisa hujinyima elimu, maana hataona kamwe jasho lililoimwagilia kazi anayoisifu. Sherehe njema haimalizi maswali ya msomaji. Humrudisha katika hadithi akiwa na macho mapya.

Nilisema tutarudi Gondolin. Hadithi ya mji ule, iliyoanzwa na askari mgonjwa wakati wa vita vya kwanza, ilitolewa kuwa kitabu peke yake mwezi wa Agosti, 2018. Christopher alikuwa na umri wa miaka 93, na hicho kilikuwa kitabu cha mwisho cha baba yake alichokihariri. Alifariki mwezi wa Januari, 2020. Mtoto aliyelipwa peni mbili kwa kila kosa alikuwa ameendelea kulinganisha karatasi za baba yake muda wote huo, hali mlipaji amekwisha kufariki zaidi ya miaka 40. Basi nanyi wanafunzi, msizitupe karatasi zenu za kwanza. Ziwekeni, hata zile zenye wino mwekundu.