Mahindi Mengi, Watoto Wafupi: Historia ya Udumavu Ufipa

Mwanafunzi wangu mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyekuja masomoni, alisimama darasani akasema kwamba takwimu za udumavu zinauonea mkoa wa Rukwa: Wafipa ni wafupi kwa asili. Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa hoja hiyo nimeisikia pia kwa watu wanaopanga bajeti.

Asili haijibu swali hili. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri, likakuta vimo vyao vinakaribiana mno. Hicho ndicho kipimo tunachotumia. Kwa kipimo hicho, utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta watoto 56 katika kila 100 wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa; wastani wa nchi ulikuwa 34. Mwaka 2022 Rukwa ilikuwa karibu 50, nchi nzima 30.

Na huu ni mkoa unaolisha wengine. Hapo ndipo historia inapohitajika.

Wakulima wa zamani wa uwanda wa Ufipa walikabiliana na udongo hafifu kwa ustadi wao wenyewe: walifukia nyasi katika matuta ya mviringo zioze ziwe mbolea, wakapanda maharage na ulezi. Ugali wao ulikuwa wa ulezi, nafaka yenye madini ya chokaa mengi kuliko mahindi. Sisemi kwamba watoto wa enzi hizo walikuwa na afya njema. Nasema tu kwamba shamba lile lilipangwa kwanza kwa ajili ya chungu cha nyumbani.

Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, mnunuzi akiwa Shirika la Taifa la Usagishaji, na ikaleta mbolea ya ruzuku na mbegu bora. Kwa mara ya kwanza mkulima aliye mbali kabisa na Dar es Salaam aliuza kwa bei ileile ya aliye karibu. Ilikuwa haki, nami sitaibeza. Rukwa ikaingia katika ile mikoa minne mikuu ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, na shamba likageuka kuwa la soko. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, bei ile ilikufa na ruzuku ikaondoka. Mahindi yakabaki.

Si Ufipa peke yake. Mwaka 2022 iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, ikifuatiwa na Njombe iliyomegwa kutoka Iringa, kisha Rukwa. Iringa hiyohiyo, kuanzia 1983, ndiko serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walikoendesha mradi wa lishe uliosifiwa duniani, vijiji vikipima uzito wa watoto wao na kujadili kwa nini huyu hakuongezeka.

Ghala lililojaa halimfikii mtoto kwa sababu mtoto mchanga hali ghala. Hulishwa na mtu, na mtu huyo yuko shambani. Msimu wa palizi mama hutoka alfajiri. Mtoto huachiwa dada yake wa miaka minane na kikombe cha uji wa mahindi mtupu, uliopikwa asubuhi, ukapoa, ukaingia inzi. Kuhara hufuata. Maharage ambayo yangeongezwa katika uji huo yamekwisha kupakiwa kwenye lori, kwa kuwa ada na sabuni hununuliwa kwa fedha. Mama mwenyewe huenda ana mimba nyingine na upungufu wa damu. Siku 1,000, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, hupita hivyo, na kimo kilichopotea humo ni vigumu mno kukirudisha.

Tangu mkataba wa lishe wa mwaka 2017 halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Katika mipango niliyopata kuisoma, fedha hiyo hununua semina, posho na maadhimisho. Bado sijaona kifungu kinachomrudishia mama saa zake mbili za mchana wakati wa palizi.