Ruiru: Mji wa familia changa uliomea katika mashamba ya kahawa

MJI wa Ruiru uko takribani kilomita 25 kaskazini mashariki mwa jiji la Nairobi, katika Kaunti ya Kiambu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 238,858 mjini humo. Sensa iliyofuata, ya Agosti 2019, ilipata wakazi 490,120. Kwa muda wa miaka kumi tu mji huo uliongezeka zaidi ya maradufu, ukaipiku Eldoret iliyokuwa na watu 475,716. Ni Nairobi, Mombasa na Nakuru pekee zilizokuwa mbele yake.

Ongezeko hilo ni sawa na asilimia zaidi ya 7 kila mwaka, ilhali idadi ya Wakenya wote ilikuwa ikiongezeka kwa asilimia 2.2. Uzazi peke yake hauwezi kuleta matokeo ya aina hiyo. Kwa hakika, utafiti wa kitaifa kuhusu afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kiambu alijifungua watoto 2.7 kwa wastani maishani mwake, huku wastani wa taifa ukiwa 3.9. Wengi wa wakazi wapya wa Ruiru hawakuzaliwa huko. Walihamia wakiwa watu wazima, na aghalabu wakiwa katika umri wa kuoa, kuolewa na kulea.

Jambo hilo linadhihirika pia katika ukubwa wa kaya. Mwaka 2019, kaya ya kawaida nchini ilikuwa na watu 3.9. Katika Kaunti ya Kiambu ilikuwa na watu watatu hivi: baba, mama na mtoto, au mama na watoto wawili, au vijana wawili wanaochangia kodi ya nyumba. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi mtu anapoipigia hesabu. Watu 490,120 wakiishi wanne wanne kasoro kidogo, kwa wastani wa taifa, wanahitaji nyumba zipatazo 125,700. Wakiishi watatu watatu, wanahitaji nyumba zipatazo 163,400. Familia ndogo zinaulazimisha mji kujenga maelfu ya nyumba zaidi, na kila nyumba ina jiko lake, choo chake na mfereji wake.

Kabla ya nyumba hizo kulikuwa na kahawa. Reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilipita Ruiru mwaka 1913, na kwa miongo mingi kituo cha reli kilikuwa cha kuhudumia mashamba makubwa ya walowezi. Jina la mji huu limebaki katika historia ya zao hilo kwa sababu ya Ruiru 11, aina ya mbuni unaostahimili magonjwa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huko.

Miaka minne baadaye, mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukidhibiti soko la kahawa ulisambaratika na bei ikaporomoka. Kenya iliyokuwa imevuna karibu tani 130,000 katika msimu wa 1987/88 haijawahi kufikia kiwango hicho tena. Mwenye shamba lililo karibu na jiji alianza kujiuliza ekari yake ingempa nini zaidi, mibuni au mawe. Jibu halikuchelewa kujulikana.

Si ardhi yote iliyotoka mikononi mwa wenye mashamba kwa njia moja. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi vilikusanya pesa za wanachama, vikanunua mashamba ya walowezi na kuyagawa. Mwanachama alipewa cheti cha hisa kikionyesha nambari ya kipande chake. Cheti hicho si hatimiliki, na hapo ndipo mizozo mingi ya baadaye ilipoanzia. Mzee alifariki akaacha cheti, watoto wakauza kwa mtu mmoja, maafisa wa kampuni wakauza kwa mwingine, na kijana aliyetoka Nairobi na akiba yake akawa mnunuzi wa tatu wa kipande kimoja.

Kilichoubadilisha mji kwa kasi kuliko kitu kingine chochote ni barabara. Upanuzi wa barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ulianza mwaka 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Safari ya asubuhi iliyokuwa ikimla mfanyakazi saa mbili au zaidi ilipungua sana katika miaka ya mwanzo. Barabara ya Mashariki ya kukwepa jiji nayo iliiunganisha Ruiru na Embakasi na uwanja wa ndege bila kupitia katikati ya Nairobi. (Wapenzi wa nyama choma wanaijua barabara hiyo zaidi kwa sababu ya Kamakis.) Ghafla, mtu aliyekuwa akilipa kodi ya chumba kimoja mtaani Zimmerman au Kasarani aliona kwamba kwa pesa zizo hizo angepata vyumba viwili Ruiru na bado afike kazini kwa wakati.

Ikumbukwe kwamba Ruiru si mtaa mmoja wenye sura moja. Githurai, ambako jiji linapokutana na Kaunti ya Kiambu, imegawanyika kwa nambari za matatu: 44 iko upande wa Nairobi na 45 upande wa Kiambu. Huko Githurai, na kuendelea Kimbo na Mwihoko, majumba ya ghorofa yamesongamana hata jua halifiki kwenye baadhi ya vibaraza. Kahawa Wendani imejaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, wapangaji wa vyumba vya mtu mmoja. Kahawa Sukari na Membley ni za watu waliojenga nyumba zao wenyewe, zenye ua na lango. Mashambani zaidi, katika ardhi iliyokuwa ya kahawa, mji wa kibinafsi wa Tatu City umepangwa katika ekari 5,000, ukiwa na shule, viwanda na nyumba zake.

Kijana mwenye familia changa mara nyingi huingia Ruiru kwa kupanga, kisha huanza kuitafuta ploti. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika miji ya Kenya, karibu kaya nne kati ya tano huishi katika nyumba za kupanga. Benki si kimbilio la wengi: ripoti ya Benki Kuu ilihesabu mikopo ya nyumba isiyofika 30,000 nchini kote kufikia mwisho wa mwaka 2022. Kinachojenga Ruiru ni sako na chama. Mwanachama wa sako huweka akiba kwa miaka mitatu au minne, halafu hukopa hadi mara tatu ya akiba hiyo, wenzake wakimdhamini. Mkopo wa kwanza hununua ploti. Wa pili huweka msingi na kuta. Wa tatu, Mungu akijalia, huezeka.

Ploti yenyewe kwa kawaida huwa ya futi 50 kwa 100. Huitwa thumuni ya ekari ingawa kwa hesabu kamili inapungua kidogo, kwa kuwa barabara nazo hukatwa humo humo. Mawe hutoka machimbo ya Ndarugu karibu na Juja, yakiwa yamekatwa kwa mashine. Magharibi mwa barabara kuu udongo ni mwekundu na msingi hauna gharama kubwa. Mashariki, kwenye tambarare, kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Fundi anayejua kazi yake huuchimba wote na kuuondoa kabla ya kumwaga kokoto. Mnunuzi aliyefurahia bei nafuu ya upande huo hugundua sababu yake siku anapoanza kujenga.

Wengi huhamia kabla nyumba haijakamilika. Huishi katika vyumba viwili vilivyoezekwa huku vingine vikisubiri, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mabati, ili pesa za kodi zianze kununua saruji. Ni njia ngumu, lakini ndiyo iliyowapa watu wa mapato ya wastani makao ambayo hakuna mradi wa serikali wala wa benki uliokuwa umewapa kwa idadi kama hiyo.

Hata hivyo, ploti ile ile ya futi 50 kwa 100 inaweza kutumika kwa namna mbili tofauti kabisa. Mmoja hujenga nyumba ya familia yake ya watu wanne. Jirani yake hujenga ghorofa tano, kila moja ikiwa na nyumba nne za kupangisha. Kwa wastani wa watu watatu kwa kaya, ploti hiyo ya pili ina wakazi 60. Aliyegawa shamba na kuchora barabara za ndani alikuwa na familia moja akilini kwa kila kipande. Bomba la maji, shimo la majitaka na kijia cha udongo vinabebeshwa mzigo mara kumi na tano zaidi, na aliyejenga nyumba ya kawaida hupoteza jua, faragha na shinikizo la maji kwa wakati mmoja.

Maji ndiyo malalamiko ya kwanza ya mkazi yeyote. Mwanzoni mwa karne ya 20, mto Ruiru ulizungusha mitambo iliyopeleka umeme Nairobi, na bwawa lililojengwa juu ya mto huo huo wakati wa ukoloni limekuwa likipeleka maji jijini tangu hapo. Mji wenye jina la mto umetegemea kwa kiasi kikubwa visima, malori ya maji na mikokoteni ya mitungi. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa mwaka 2022, lilikusudiwa kutoa lita milioni 70 kwa siku kwa ajili ya Ruiru, Juja, Gatundu na sehemu ya Nairobi. Bwawa ni hatua kubwa, ila maji hayamfikii mtu bila mabomba ya mtaani, na mitaa ya Ruiru huongezeka kwa kasi kuliko mabomba.

Majitaka yana tatizo lake. Pale ambapo hakuna mfumo wa mabomba ya majitaka, kila ploti huchimba shimo. Katika udongo mweusi maji hayanyonywi ardhini upesi, kwa hiyo shimo la jengo lenye watu 60 hujaa baada ya muda mfupi na lori la kunyonya huitwa tena na tena. Mwenye nyumba asiyetaka gharama hiyo husubiri mvua kubwa, afungulie usiku. Kisima cha jirani kiko mita chache kutoka hapo.

Kisha kuna watoto. Mji wa wazazi vijana huwa na kundi kubwa la watoto wa umri unaokaribiana, na kundi hilo hupita kama wimbi: kwanza kliniki za watoto hufurika, halafu shule za chekechea, halafu za msingi. Shule za umma za Ruiru ni chache kwa sababu nyingi zilianzishwa kuwahudumia wafanyakazi wa mashamba na mji mdogo wa zamani. Pengo limejazwa na shule za kibinafsi, nyingine zenye viwanja vya michezo, nyingine zikiwa ndani ya nyumba za kuishi zilizobadilishwa. Mzazi aliyehamia Ruiru ili apunguze kodi hujikuta akilipa karo inayokula akiba hiyo. Kupata ardhi ya shule mpya ya umma si rahisi, kwani kila ekari imeshageuzwa kuwa ploti, na vipande vilivyotengwa kwa matumizi ya umma wakati wa ugawaji huwa vimeshapata mwenyewe.

Kiutawala, Ruiru ilipata eneobunge lake katika uchaguzi wa mwaka 2013, baada ya eneobunge la Juja kugawanywa. Lina wadi nane: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko. Sheria ya miji, baada ya kurekebishwa mwaka 2019, ilipunguza idadi ya watu inayohitajika ili mji uweze kuitwa jiji kutoka 500,000 hadi 250,000. Nakuru ilipandishwa hadhi mwaka 2021 na Eldoret mwaka 2024. Ruiru, iliyokuwa na watu wengi kuliko Eldoret katika sensa, ilibaki manispaa. Wakazi wake wengi hufanya kazi Nairobi, hutumia pesa zao Nairobi mchana, na wanapohojiwa na mgeni husema wanatoka Nairobi. Ni vigumu kuudai mji ambao mtu huuona gizani tu, alfajiri akienda na usiku akirudi.

Anayetaka kununua ploti Ruiru sasa anashauriwa aanzie katika ofisi ya usajili wa ardhi, apekue rekodi ya hatimiliki kwa jina na nambari, kabla ya kulipa hata amana ya kwanza. Kama ardhi bado imeandikishwa kuwa ya kilimo, uuzaji wake unahitaji idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na bila idhini hiyo makubaliano yanaweza kubatilika hata kama pesa zote zimelipwa. Cheti cha hisa kisipokewe badala ya hatimiliki. Mpimaji aende kuonyesha mawe ya mipaka mchana, mnunuzi akiwapo, na majirani waulizwe ni nani wanayemjua kuwa mwenyewe.

Bei zikiendelea kupanda, familia changa zimeanza kupita Ruiru bila kushuka. Juja, kituo kinachofuata kwenye barabara kuu, ilikuwa na watu 156,041 mwaka 2019, na kati ya miji hiyo miwili mabango ya kuuza ploti yamesimama katikati ya mibuni ambayo bado haijang'olewa.