Kolo: Mlima Unaoombewa Mvua

Wanafunzi wangu wakiulizwa kuhusu milima mitakatifu hutaja kwanza Sinai, kisha Kirinyaga, uliokuwa kibla cha sala za Wagikuyu, na Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu. Kolo hawaitaji, ingawa njia ya kwenda huko ni ileile barabara kuu itokayo Dodoma kuelekea kaskazini, upande wa Makutupora, hadi kupita Kondoa mjini.

Kolo hakuna theluji wala moto wa volkano. Kuna vilima vya Irangi, miamba iliyoinama mfano wa paa, na chini yake michoro myekundu ya wanyama na ya watu warefu, wembamba. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Michoro hiyo myekundu ni kazi ya wawindaji wa kale. Warangi, ambao ni wakulima, walikuja baadaye na kuurithi utakatifu wa mahali pale. Leo wengi wao ni Waislamu, na bado wapo wanaopanda Mungumi wa Kolo kuomba mvua na uponyaji.

Jambo hili haliwezi kueleweka nje ya historia ya maji. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, na Dodoma hupata kiasi cha milimita 570 tu kwa mwaka. Kwa jirani zao Wagogo, heshima ya mtemi ilisimama juu ya dhamana yake ya mvua na afya ya nchi, kuliko juu ya nguvu ya silaha. Tusidhani kwamba pampu zimetutoa katika hali hiyo. Vipimo vya zaidi ya miaka 50 katika visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma, vimeonyesha kuwa maji ya ardhini hayajazwi kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, mingi ikiwa ya El Niño. Makao makuu ya nchi yanakunywa mvua ya zamani.

Hapo ndipo ugomvi wa Kolo unaponisumbua. Katika tambiko hutumika pombe ya kienyeji, na ikirushiwa mwambani huharibu rangi. Wahifadhi wanapolalamika wanasema kweli. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliandikwa kulinda vitu, na mtu anayesali mbele ya kitu hana nafasi ndani yake. Kwa macho ya sheria hiyo, mzee wa tambiko ni mharibifu tu, sawa na wale waliochimba pale wakitafuta hazina inayosemekana kufukiwa na Wajerumani. (Nani kati yao aliyeuheshimu mlima, msomaji ataamua.)

Tena UNESCO ilipoiingiza Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, haikutaja michoro peke yake; mila hai za mahali pale zilikuwa sehemu ya hoja. Kuwafukuza wenye tambiko, basi, ni kubomoa nusu ya sababu ya heshima tuliyopewa. Ofisa wa mambo ya kale angeweza kupanda na wazee kabla ya msimu wa mvua, wakakubaliana mahali pa kumwagia pombe: ardhini, mbali na ukuta wa michoro.