Hasimu

Hasimu (wingi: mahasimu) ni mtu anayeshindana na mwenzake katika ugomvi unaojulikana na pande zote mbili, na aghalabu neno hili hutumiwa kwa adui aliye mkuu kuliko maadui wengine, yule ambaye jina lake likitajwa, la mpinzani wake nalo hukumbukwa.

Asili yake ni Kiarabu, khasm au khasim, na maana yake ya awali haikutoka vitani bali barazani kwa kadhi: khasm ni mmoja wa wawili waliofikishana hukumuni, awe mdai au mdaiwa. Wasomao Kurani hulikuta katika Sura ya Sad, palipo kisa cha wagomvi walioupanda ukuta wa mihrabu ya Nabii Daudi, wakamfazaisha, kisha wakamtaka awahukumu kwa haki. Na jambo la kupendeza ni kwamba neno hilo, ingawa umbo lake ni la umoja, katika Kiarabu hufaa kwa mmoja, kwa wawili na kwa wengi. Waswahili waliilainisha kh ikawa h, wakalinyambua kwa kawaida ya lugha yao, wakapata kuhasimu, kuhasimiana na kuhasimisha, pamoja na majina uhasama na husuma.

Ni katika asili hiyo ya barazani ndipo hasimu anapotengana na adui, ingawa wengi huyachanganya maneno haya, nami naona ni hasara kuyachanganya. Adui, nalo la Kiarabu, latokana na shina lenye maana ya kuvuka mpaka na kudhulumu, na si lazima awe mtu: Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ujinga, maradhi na umaskini vilihesabiwa kuwa maadui watatu wa taifa, na hapo neno hasimu lisingefaa hata kidogo, kwa kuwa maradhi hayamjui ayashambuliaye wala hayawezi kuitwa barazani yakajibu. Hasidi, ambalo kwa sauti hukaribiana na hasimu, ni neno jingine kabisa, la husuda. Hasidi huficha moyo wake, ilhali hasimu husimama mbele yako na madai yake.

Magazeti ya leo huandika "mahasimu wa jadi" kwa timu za mpira zilizoshindana miaka mingi. Hata hivyo Simba na Yanga za Dar es Salaam huitwa zaidi watani wa jadi, kwani utani huruhusu matusi bila kuvunja udugu.