Mcheza Kwao Hutunzwa: Wanafunzi wa Makerere, Likizo Zao na Lugha ya Watu

Historia ya chuo kikuu aghalabu huandikwa kwa majina ya wakuu wake na kwa tarehe za majengo yake. Wanafunzi hutajwa kwa idadi, au hukumbukwa siku wanapogoma. Lakini chuo si mawe wala si vyeti. Yale wanayoyafanya vijana baada ya kengele ya darasa kulia, yaani magazeti yao, michezo yao, mabishano yao bwenini na safari zao za likizo, ndiyo aghalabu yanayobaki katika nchi baada ya mihadhara kusahauliwa. Katika makala haya twakusudia kuutazama upande huo wa maisha ya kilima cha Makerere, hasa katika miaka ya 1960, na kuuliza swali moja linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda: je, wanafunzi wale waliitendea nini lugha hii, nayo iliwatendea nini?

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 14 tu, waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1949 ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 ikaungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake kuwa chuo kikuu cha taifa. Wanawake wa kwanza, sita kwa hesabu, walipokewa mwaka 1945. Vijana walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika, Unguja na mbali zaidi. Julius Nyerere mwenyewe alisomea ualimu hapo kati ya 1943 na 1945. Kwa hiyo, kabla ya kuwapo jumuiya yoyote ya serikali zetu, palikuwapo jumuiya ya meza ya chakula. Mgikuyu, Mchaga, Mganda na Mluo walikula pamoja, na walipougua au kuishiwa walisaidiana kabla ya barua kufika nyumbani.

Tumetaja meza ya chakula si kwa mzaha. Mwaka 1952 wanafunzi waligoma kwa ajili ya chakula, na miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Abu Mayanja, ambaye baadaye alikwenda kusoma Cambridge na kurudi kuwa mmoja wa wanasiasa wakubwa wa nchi. Wako waliosema wakati ule kwamba ni aibu kwa wasomi kugombania sahani. Sisi hatuoni hivyo. Sahani ilikuwa kipimo cha heshima: mtu alitaka kujua kama anahesabiwa kuwa mtoto wa shule au mtu mzima anayeandaliwa kuongoza.

Tukiacha mambo ya tumbo, tuje kwenye mambo ya ulimi. Mabweni ya Makerere yalikuwa na mashindano ya kila mwaka, ambayo kwayo kila bweni lilitoa hotuba, mashairi na michezo ya kuigiza. Mashindano hayo yalikuwa ya Kiingereza. Idara ya Kiingereza ilikuwa pia na jarida la wanafunzi, jina lake Penpoint, lililoanza mwaka 1958. Kijana mmoja kutoka Limuru, aliyeitwa wakati ule James Ngugi, aliingia chuoni mwaka 1959, akaandika hadithi fupi katika jarida hilo na michezo mifupi kwa ajili ya bweni lake. Huo ndio uliokuwa uwanja wake wa mazoezi, na ulikuwa uwanja mzuri. Hata hivyo, mlango wake ulikuwa mmoja tu, nao ulifunguliwa kwa ufunguo wa Kiingereza.

Jambo hili lilidhihirika mwezi wa Juni 1962. Mwezi huo ulifanyika Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka na Christopher Okigbo kutoka Nigeria, Ezekiel Mphahlele na Lewis Nkosi wa Afrika Kusini, na mzee Langston Hughes kutoka Marekani. Ngugi, angali mwanafunzi, aliruhusiwa kuketi pamoja nao kwa ajili ya hadithi zake fupi zilizokwisha kuchapishwa katika Penpoint na katika jarida la Transition la Kampala. Alimpa Achebe muswada wake ausome, na kitabu hicho kikatoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child. Kwa kijana wa chuo, hiyo ilikuwa bahati isiyokuwa na mfano.

Lakini tuulize ni nani aliyekosekana. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika Kusadikika, Adili na Nduguze, Wasifu wa Siti binti Saad na mashairi mengi, hakuwa na nafasi katika mkutano ule, kwa kuwa hakuandika kwa Kiingereza. Mwezi huo huo wa Juni 1962 alifariki dunia. Jambo linalotia uchungu zaidi ni kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo Shaaban Robert alikuwa mjumbe wake, ilikuwa na makao yake Makerere penyewe katika miaka ya 1950. Kiswahili kilikuwa na meza na karatasi juu ya kilima kile. Kilichokosa ni kiti katika karamu ya waandishi. Ngugi mwenyewe, baada ya miaka mingi, aliukumbuka mkutano ule akasema wazi kwamba mwanafunzi mwenye hadithi mbili za Kiingereza alikaribishwa, na bingwa mwenye vitabu vingi vya Kiswahili hakukaribishwa. Nasi twaona haki imsemee hivyo.

Tusiwalaumu wanafunzi kwa kosa la walioandaa karamu. Mabishano yalianza pale pale Kampala. Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika Transition kwamba fasihi ya Kiafrika inayotegemea lugha za Ulaya inaelekea njia isiyokuwa na mwisho mwema. Makala yale yaliwakasirisha wengi na kuwaamsha wengi. Novemba 1962, katika shangwe za uhuru wa Uganda, wanafunzi wa Makerere walikwisha kuonyesha mchezo wa Ngugi, The Black Hermit, katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala. Ulihusu kijana msomi aliyejificha mjini, na kabila lake linalomwita arudi. Wanafunzi walikuwa wakilicheza jukwaani swali lao wenyewe: msomi arudi vipi kwa watu wake, na akirudi, aseme nao kwa lugha gani?

Jibu la sehemu lilipatikana mwaka 1965, na halikuandikwa katika tasnifu yoyote. Lilipatikana barabarani. Mwaka huo wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu wao David Cook wa Idara ya Kiingereza, walianzisha kikundi cha michezo ya kuigiza kilichosafiri wakati wa likizo kwenda kwa watu. Badala ya kungoja watu waje kwenye jumba la mjini na kulipa kiingilio, wao walizunguka Uganda na kuvuka mpaka kuingia Kenya, wakicheza bure. Nao hawakucheza kwa Kiingereza peke yake. Walikuwa na michezo ya Luganda, ya Runyoro-Rutooro, na ya Kiswahili.

Ndugu msomaji, tafakari maana ya jambo hilo. Chuo kilichokuwa na mashindano ya Kiingereza bwenini kilikuwa sasa na wanafunzi wanaojifunza maneno ya mchezo kwa Kiswahili ili waeleweke na mkulima, askari polisi, mchuuzi na mtoto wa shule. Kitu kilichowabadilisha kilikuwa hadhira. Mtu akisimama bwenini mbele ya majaji, huchagua lugha ya majaji. Akisimama uwanjani mbele ya watu waliotoka sokoni, lugha humchagua yeye. Mahali penye watu wa lugha moja, mchezo wa lugha hiyo ulitosha. Lakini penye mchanganyiko, kama ilivyo miji ya viwanda na ya reli, na huko Kenya kote, Kiswahili ndicho kilichoweza kuwachekesha watu wote kwa wakati mmoja. Na kicheko cha pamoja si jambo dogo. Watu wanaocheka neno moja kwa pamoja wamekwisha kuwa na kitu chao.

Hatusemi kwamba wanafunzi wa Makerere ndio waliobuni michezo ya kuigiza ya watu. La hasha. Wycliffe Kiyingi alikwisha kuunda chama cha wasanii wa Kiafrika mwaka 1954 na kuandika michezo ya Luganda iliyopendwa sana, na kabla ya hapo zilikuwapo ngoma na hadithi za wazee. Tunachosema ni kwamba mwaka 1965 wasomi walikubali kuwa wanafunzi wa hadhira yao. Baadhi ya michezo mifupi ya Kiingereza iliyotokana na vuguvugu la miaka ile ilikusanywa na David Cook na Miles Lee katika kitabu kilichotoka mwaka 1968. Michezo ya Kiswahili haikupata bahati kama hiyo, na hili ni funzo kwetu: lugha isiyotiwa chapa huishi katika kumbukumbu za waliohudhuria, nao hufa mmoja mmoja.

Swali lingine hatuna budi kulijibu. Je, wale vijana waliwezaje kutoa likizo yao bure? Jibu ni kwamba wao wenyewe walikuwa wamepewa. Masomo yao, malazi yao na chakula chao vililipiwa na serikali, yaani kwa kodi ya yule yule mkulima aliyeketi majanini kuwatazama. Walipewa hata posho ya mfukoni. Katika miaka ile ile Nyerere alipenda kuwafananisha wasomi na kijana aliyepewa na kijiji chenye njaa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwatafutia wenzake riziki. Asiporudi, ni msaliti. Mchezo wa bure ulikuwa namna moja ya kurudi.

Baadaye mambo yalibadilika. Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali. Mwaka 1972 Makamu wa Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Mwaka 1976 askari waliingia Makerere na kuwapiga wanafunzi. Mwaka 1977 mwandishi na mwongozaji Byron Kawadwa aliuawa. Katika nchi kama hiyo, kusimama uwanjani na kuwasemesha watu kulikuwa kuhatarisha roho.

Na hapa ndipo penye jeraha la somo letu. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya serikali ya kijeshi. Lugha hii ilikuwa lugha ya askari tangu enzi za jeshi la kikoloni, na sasa watu waliisikia kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, ikitoka kinywani mwa mwenye bunduki. Mwaka 1965 Kiswahili kilifika kijijini kikiwa na mchezo, watu wakakicheka na kukipenda. Miaka michache baadaye kilifika mlangoni kikiwa amri, watu wakakiogopa. Mzazi wa Uganda anayemkataza mwanawe kujifunza Kiswahili aghalabu hakatai sarufi wala msamiati. Akumbuka sauti. Mwalimu asiyelijua hili atamwona mzazi huyo mjinga, na atakosea.

Hata baada ya amani kurudi, msaada kwa wanafunzi haukurudi kama ulivyokuwa. Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya kupunguziwa posho na misaada mingine, na wawili kati yao waliuawa kwa risasi za polisi. Katika miaka iliyofuata wanafunzi wa kujilipia waliongezeka sana, na mwaka 2014 ilitungwa sheria ya kuunda bodi ya kuwakopesha wanafunzi. Mkopo ni msaada, hatukatai. Lakini mwenye deni huitumia likizo yake kutafuta fedha, na ni vigumu kumwambia akapande jukwaani bure. Tusistaajabu basi tukiona kwamba safari zile hazikurudi zenyewe.

Upande wa lugha, sheria imesonga mbele. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Twashukuru. Hata hivyo, yatupasa kukumbuka kwamba amri ya 1973 nayo ilikuwa amri. Sheria yaweza kuingiza lugha katika ratiba, lakini haiwezi kuiingiza katika mapenzi ya watu. Kazi hiyo ya pili hufanywa na wale wanaokwenda kwa watu bila bunduki na bila kiingilio.

Ndiyo sababu tumewaandikia kisa hiki. Kila mmoja wetu ana wanafunzi, nao wana likizo. Hatuhitaji jumba, wala taa, wala fedha nyingi. Tunahitaji mchezo mfupi wa Kiswahili, uwanja wa shule, na wazazi walioalikwa jioni baada ya kazi za shamba. Na safari hii tuiandike michezo hiyo na kuihifadhi, isije ikapotea kama ya wale waliotutangulia. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanafunzi wa 1965 walicheza kwao, nao walitunzwa kwa kicheko na makofi. Bado ipo nafasi ya Kiswahili kutunzwa vivyo hivyo katika nchi hii, mradi wapatikane wa kukicheza.